Mwongozo kamili: kusafiri kwenye gemu za ulimwengu wazi bila kupotea na bila kufuata mshale

Kila wikendi katika chumba changu cha gemu hapa Buruburu, Nairobi, naona kosa moja likirudiwa na watu tofauti. Mchezaji analipia saa mbili, anakaa, na kuanzia dakika ya kwanza macho yake yamenasa kwenye kiramani kidogo cha pembeni mwa skrini. Mshale ukisema kushoto, anaenda kushoto. Mlima mzima unampita, mto unampita, kijiji kinampita, haoni kitu. Kisha anaingia pangoni, mshale unapoteza mwelekeo, na swali linakuja: "Boss, hapa niko wapi?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi mno. Hapa naandika jibu lote.

Kazi tunayojifunza ni moja: kutoka mahali salama, kwenda mahali ulipopaona kwa macho yako kwa mbali, na kurudi ukiwa na vitu vyako, huku ukijua wakati wote uko upande gani wa ulimwengu ule. Ukiiweza katika gemu moja, nyingine zitakuwa rahisi.

Na ujuzi wenyewe unao tayari. Mjomba akishuka mjini kutoka mashambani na simu yake ni ya vitufe, unamwelekeza hivi: "Tembea mpaka Archives, uliza magari ya 58. Ukishuka utaona kituo cha petroli, ingia ndani na ile barabara ya vumbi, mbele kuna kanisa la mabati, hapo muulize mama mboga." Hakuna mshale katika maneno hayo. Kuna alama, mpangilio wake, na mtu wa kuulizwa. Hivyo ndivyo tutakavyosafiri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Gemu moja ya ulimwengu wazi, yaani ile unayoweza kuzunguka popote upendapo, na ukae nayo. Ukiwa na PlayStation, Xbox au kompyuta, mifano yangu mingi itatoka Elden Ring, The Witcher 3, Skyrim na Red Dead Redemption 2. Ukiwa na Nintendo Switch, Breath of the Wild ya mwaka 2017 ndiyo shule bora kuliko zote. Ukiwa na simu tu, usijione umeachwa: Minecraft ya simu inatosha kabisa kwa mwongozo huu, na Genshin Impact haina malipo ya kuanza, ingawa hula makumi ya gigabaiti. Ipakue mahali penye WiFi, usiiguse kwa bando.

Daftari la hesabu la miraba, lile la shule ya msingi. Penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu ramani yako ya kwanza itakuwa na makosa na utahitaji kufuta.

Vipokea sauti vya masikioni. Maji ya mto, kwato za farasi wa adui na moto wa kambi husikika kabla ya kuonekana.

Saa mbili zisizokatizwa, na stima ya kutosha. Angalia tokeni zimebaki ngapi kabla hujaketi. Gemu nyingi za sasa hujihifadhi zenyewe, lakini za zamani hazina huruma: GTA San Andreas ya PS2 huhifadhi ndani ya nyumba yako tu, pale penye alama ya diski inayoelea, na bila kadi ya kumbukumbu hakuna kinachobaki. Nimeona kijana akipoteza jioni nzima kwa stima iliyopotea wakati yuko barabara mbili kutoka nyumbani. Kama unacheza gemu ya aina hiyo, panga safari yako iishie kwenye nyumba, na uingie kila unapopita karibu.

Hatua ya 1: Ondoa kiramani kwenye skrini

Kiramani kile hakikusaidii kujifunza. Jicho hupenda kitu kinachosogea, na mshale husogea kila sekunde. Ukiwepo, utautazama hata kama umejiapiza.

Katika Red Dead Redemption 2, kandamiza kitufe cha chini cha msalaba wa mwelekeo bila kuachia, kisha chagua dira badala ya ramani ya duara, au zima kabisa. Katika Breath of the Wild kuna chaguo kwenye mipangilio linaloondoa kila kitu isipokuwa mioyo ya uhai. The Witcher 3 inakuruhusu kuzima ramani ndogo na maelezo ya misheni, kila kimoja peke yake. Katika Skyrim, nenda kwenye orodha ya misheni na uondoe alama kwenye ile unayoifuata, na mshale wake utatoweka kwenye dira.

Acha alama ya uhai na ya pumzi (nguvu za kukimbia na kupanda) zibaki. Wapo wanaozima kila kitu siku ya kwanza kwa kutaka ushujaa, halafu wanakufa bila kujua walikuwa wameumia. Ramani kubwa pia ibaki, ile inayofunguka ukibonyeza kitufe. Tofauti ni kwamba sasa utaifungua kwa kuamua, ukiwa umesimama, kama mtu anayetoa karatasi mfukoni.

Dakika kumi za kwanza utajisikia kipofu. Vumilia. Utajua umefaulu ukianza kugeuza kamera juu, kutazama upeo, bila mtu kukuambia.

Hatua ya 2: Tafuta alama mama

Mtu aliyekulia Nairobi akipanda ghorofa yoyote hutafuta vitu viwili bila kufikiri. Anatafuta mnara wa KICC, ajue mji uko wapi, na siku isiyo na ukungu anatafuta vilima vya Ngong vilivyokaa kama vifundo vya ngumi kule kusini-magharibi. Akishaviona, amejua kila kitu kingine.

Waliounda gemu hizi wameweka Ngong yao pia, na wameiweka kwa makusudi. Katika Elden Ring ni ule mti mkubwa wa dhahabu unaoonekana karibu kila mahali penye anga. Katika Skyrim ni mlima Throat of the World, mrefu kuliko yote. Breath of the Wild ina kasri la Hyrule katikati na mlima wa moto Death Mountain upande wa kaskazini-mashariki. GTA V ina jiji la Los Santos kusini na Mlima Chiliad kaskazini, kwa hiyo ukiona mlima mbele na majengo nyuma, unaelekea kaskazini, basi.

Kazi yako katika hatua hii: simama hapo ulipo, zungusha kamera duara zima polepole, chagua alama mama moja. Fungua ramani kubwa mara moja, ona alama hiyo iko upande gani wako, funga. Andika juu ya ukurasa wa daftari: "Mti mkubwa uko kaskazini-mashariki mwa kambi." Mstari huo mmoja utakuokoa mara nyingi kuliko silaha.

Minecraft haina alama mama, kwa sababu kila dunia yake huumbwa upya. Huko tegemea anga. Jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na siku nzima pamoja na usiku wake ni dakika 20. Mawingu huelea kuelekea magharibi siku zote. Alizeti zote hutazama mashariki. Hili la alizeti nalipenda sana: ua moja kando ya njia, nawe umeshajua upande.

Jihadhari na dira ya Minecraft. Wengi huitengeneza wakidhani itawarudisha nyumbani. Dira hiyo huelekeza mahali dunia ilipoanzia, pale ulipotokea mara ya kwanza kabisa, na nyumba yako huenda iko mbali na hapo. Njia ya uhakika ni namba za mahali: kwenye kompyuta bonyeza F3, kwenye simu washa chaguo la kuonyesha namba hizo katika mipangilio ya dunia yako. X ikiongezeka unaenda mashariki, Z ikiongezeka unaenda kusini, Y ni urefu kwenda juu. Andika namba za mlango wa nyumba yako kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Hatua ya 3: Panda juu kabla ya kwenda mbele

Usiondoke kambini ukiwa bondeni. Tafuta kilima, mnara, paa, chochote kilicho karibu, upande. Sababu ni kwamba kutoka juu unaona umbo la nchi: mto unakopita, barabara inakopinda, mahali pa kushukia na mahali penye ukuta wa mawe. Kutoka chini unaona miti tu.

Ukiwa juu, chagua vitu vitatu kwenye mstari mmoja: cha karibu, cha katikati, cha mbali. Mfano: daraja, kisha mti uliokauka, kisha jengo lililobomoka kileleni. Cha mbali ndicho safari yako. Viwili vya mwanzo ni vituo vya kushukia.

Hapa Breath of the Wild inafundisha vizuri mno. Ukiwasha mnara, ramani inakuchorea ardhi tu. Mahekalu haikuwekei. Wewe mwenyewe unachungulia kwa darubini, unabandika alama ulichokiona, na ramani inabeba hadi alama 100 za kwako. Zitumie bila ubahili. Elden Ring nayo ina kidokezo ambacho wachezaji wengi hawakioni: kwenye ile sehemu ya ramani iliyo tupu na ya rangi ya udongo, kuna kialama kidogo cha jiwe lililosimama. Kipande cha ramani cha eneo hilo kipo hapo hapo. Kwenda kwenye jiwe hilo kwanza kunakupa nchi nzima iliyochorwa, na mara nyingi jiwe liko kando ya barabara.

Angalia pumzi zako kabla ya kupanda. Katika Genshin Impact unaanza na pumzi 100, na kikomo chake ni 240, kwa hiyo ukuta anaoupanda rafiki yako kwa urahisi unaweza kukuangusha wewe. Katika Breath of the Wild mvua hufanya mwamba uteleze. Ikianza kunyesha ukiwa chini ya ukuta, keti mpaka ikatike.

Umefaulu ukiweza kufumba macho na kusema kwa sauti vitu vyako vitatu kwa mpangilio.

Hatua ya 4: Funga mzigo mwepesi

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayoua wengi. Beba vya kukutunza njiani, acha nyumbani vya thamani.

Minecraft: chakula, mienge, kitanda, mbao kidogo, mashua. Almasi zibaki sandukuni. Elden Ring: tumia rune zako zote (ndizo pesa za gemu hii) kupandisha kiwango kabla ya kuondoka, maana ukifa zinabaki pale ulipoangukia, na ukifa tena kabla ya kuziokota zimekwenda moja kwa moja. Skyrim: ukizidisha uzito huwezi kukimbia, wala kuruka kwa ramani (kuchagua mahali kwenye ramani na kufika papo hapo), kwa hiyo acha yale mapanga kumi na moja ya chuma unayopanga kuuza. Red Dead Redemption 2: mlishe farasi, na kabla hujashuka chukua bunduki kwenye tandiko, kwa sababu ukimwacha mbali unabaki na ulichonacho kiunoni.

Hatua ya 5: Tembea kituo kwa kituo, na ugeuke nyuma

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi, nami nitakaa hapa kidogo.

Ondoka kuelekea kitu chako cha kwanza tu. Usifikirie cha tatu. Ukifika, simama. Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza, geuka nyuma utazame ulikotoka. Usiruke jambo hili hata siku moja. Njia ya kwenda na njia ya kurudi hazifanani. Umewahi kupita uchochoro wa mjini asubuhi ukielekea kazini, kisha jioni ukarudi nao ukahisi ni uchochoro mwingine? Mabango yote sasa yanaonyesha migongo. Kwenye gemu ni vivyo hivyo: lile jabali lililofanana na sura ya mtu ulipokuja, ukirudi ni jiwe la kawaida. Ndiyo maana watu hupotea wakirudi zaidi kuliko wakienda. Ukigeuka kila kituo, unakuwa umeshaiona njia ya kurudi kabla ya kuihitaji.

La pili, tafuta alama mama. Je, bado iko upande uleule? Kama mti mkubwa ulikuwa kulia kwako na sasa uko mgongoni, umepinda bila kujua. Sahihisha sasa, wakati kosa bado ni dogo.

La tatu, andika. Chora mstari kwenye miraba, weka duara dogo kwenye kituo, na maneno machache: ulichokiona mbele, ulichokiona nyuma. Kipimo ninachowapa watu ni mraba mmoja kwa dakika moja ya kutembea. Katika Minecraft kipimo hicho kinakuja sawa sana, kwa kuwa dakika moja ya kutembea bila kukimbia ni takriban bloku 260, bloku zikiwa zile kete zinazojenga dunia yake. Kwenye gemu yenye farasi, amua mwendo mmoja na ushikamane nao, la sivyo ramani yako itavutika upande mmoja.

Watu hunikatalia hapa. "Ramani ipo ndani ya gemu, kwa nini nichore?" Kwa sababu mkono unapochora, kichwa kinashika. Dada mmoja anayekuja Jumapili alichora eneo lote la White Orchard katika The Witcher 3 kwenye kurasa mbili za daftari, akiweka kinu na daraja. Miezi kadhaa baadaye alianza gemu upya kutoka mwanzo na hakufungua ramani hata mara moja katika eneo lile.

Mapangoni utaratibu unabadilika, kwa sababu hakuna alama mama. Weka mienge upande mmoja tu wakati wa kuingia, tuseme kushoto. Ukitaka kutoka, hakikisha mienge yote iko kulia kwako. Usichanganye pande hata kwa mwenge mmoja, maana mwenge mmoja wa uongo unatosha kukuzungusha nusu saa.

Na wale wanaoingia Nether, ule ulimwengu wa pili wa moto katika Minecraft, wajue kipimo: bloku 1 ya kule ni bloku 8 za juu. Ukitembea bloku 100 ndani ya Nether kisha ukajenga mlango wa kutokea, umeibuka bloku 800 kutoka ulipoanza. Kwa anayejua ni njia ya mkato nzuri sana. Kwa asiyejua ni jioni iliyopotea. Na usilale kule: kitanda hulipuka.

Utajua umefaulu ukiwa kwenye kituo cha tatu na mtu akakuuliza nyumbani ni wapi, nawe ukageuza kamera moja kwa moja bila kusita.

Hatua ya 6: Uliza njia, na usome ardhi

Kila gemu ina mama mboga wake. Katika The Witcher 3 ni mbao za matangazo vijijini: ukizisoma, ramani inafunguka sehemu za karibu za kutembelea. Katika Ghost of Tsushima upepo wenyewe hukuongoza ukipitisha kidole kuelekea juu kwenye sehemu ya kugusa ya padi, ndege wa rangi ya dhahabu hukuita, na mbweha ukimfuata anakufikisha kwenye hekalu dogo. Morrowind ya mwaka 2002 haina mshale wowote wa misheni: mtu anakuambia fuata barabara, vuka daraja, pinda kwenye mawe, na maneno yake yanabaki kwenye shajara yako. Aliyeizoea Morrowind hapotezwi kirahisi na gemu nyingine.

Barabara pia inasema. Barabara pana yenye alama za magurudumu inakwenda mjini. Moshi ni watu. Ndege wakiruka ghafla, kuna kitu kichakani. Daraja likiwa na mwanga mwishoni, kuna mlinzi.

Lakini si kila elekezo ni ushauri mzuri kwako leo. Elden Ring inatoa miale ya dhahabu kwenye vituo vya neema, yaani sehemu za kupumzikia na kuanzia tena ukifa, na miale hiyo huonyesha njia kuu ya hadithi. Wageni wanaifuata moja kwa moja mpaka kwa bosi (adui mkubwa) Margit mlangoni mwa kasri la Stormveil, wanapigwa mara ishirini, wanaacha gemu. Mwale ni sahihi, wewe ndiye hujawa tayari. Nenda kusini kwanza, vuka daraja uingie Weeping Peninsula, zunguka, jifunze, kisha rudi. Na yule askari wa dhahabu juu ya farasi unayemkuta nje tu ya mlango wa kwanza, mpite kwa mbali. Barabara ni yako, si lazima upigane na kila aliyesimama juu yake.

San Andreas ni kali zaidi. Mwanzoni madaraja ya kutoka Los Santos kwenda miji mingine yamefungwa, na ukivuka kwa nguvu unapewa nyota nne za polisi papo hapo, yaani wanakusaka kwa nguvu. Chukulia hilo kama kibao cha barabarani na ujifunze mji mmoja kwanza.

Hatua ya 7: Pata pa kulala kabla giza halijaingia

Jua likianza kushuka, acha kuendelea mbele. Tafuta mahali. Katika Minecraft chimba tundu kwenye kilima, ziba mlango, weka mwenge na kitanda, lala. Ukilala, kitanda hicho ndicho utakachoamkia ukifa, kwa hiyo ukirudi nyumbani lala tena kwenye kitanda cha nyumbani ili mambo yarudi yalivyokuwa. Wengi husahau jambo hili, wanajikuta wanaamkia kwenye tundu walilolichimba wiki iliyopita.

Ukifa, pumua kwanza. Vitu vilivyomwagika Minecraft hudumu dakika 5, lakini saa hiyo huhesabu tu sehemu ile inapokuwa imepakiwa, yaani mchezaji akiwa karibu. Maana yake, kama umeamkia mbali, una nafasi ya kula, kutengeneza panga la mawe na kufikiri njia kabla hujasogea. Anayekimbia mikono mitupu kwa hasira hufa tena palepale.

Hatua ya 8: Rudi kwa njia nyingine, kisha ndipo uruke

Ukishafika kwenye kitu chako cha tatu, kichunguze kwa raha, halafu rudi nyumbani kwa miguu, upande wa pili wa ulikopita. Sasa njia zako mbili zimefunga eneo kama kamba, na kila kilicho katikati unaweza kukifikia bila woga.

Kuruka kwa ramani sikukatazi. Kanuni yangu ni hii: ruka tu kupita njia uliyokwisha kuitembea kwenda na kurudi. The Witcher 3 ina nidhamu nzuri hapa, kwa kuwa lazima usimame kwenye kibao cha njia ndipo uruke kwenda kibao kingine. Katika Skyrim jifanyie hivyo mwenyewe kwa kutumia mikokoteni ya farasi nje ya miji mikubwa.

Mfano wa ukurasa mmoja

Hivi ndivyo safari moja ya Minecraft ilivyoandikwa kwenye daftari la mchezaji wangu, nimenakili kwa ruhusa yake:

Nyumbani X 120, Z -340. Mlango unatazama mashariki.

Kituo 1. Mashariki bloku 260, X 380. Mti mmoja kando ya bwawa. Nyuma: paa langu, kilima chenye kipara.

Kituo 2. Kusini bloku 200 kufuata mto, Z -140. Mto unagawanyika. Nyuma: bwawa halionekani tena, mti unaonekana.

Kituo 3. Mashariki bloku 400, X 780. Mguu wa mlima wa theluji. Pango lenye sauti ya maji. Sikuingia.

Kurudi: kaskazini bloku 200 juu ya ukingo, kisha magharibi bloku 660. Kijiji cha watu X 500, Z -330! Sikukiona nilipokuja.

Kijiji kile kilikuwa hapo tangu mwanzo, nyuma ya ukingo. Amekipata kwa kurudi njia nyingine.

Ukikwama

Hujui ulipo kabisa: simama. Usikimbie, kila hatua inaongeza kosa. Panda juu, tafuta alama mama. Isipoonekana, tafuta barabara yoyote na uifuate upande mmoja bila kubadili mawazo mpaka ukutane na watu au kibao.

Kichwa kinauma au tumbo linachafuka: kamera yako inazunguka kasi mno. Punguza kasi yake katika mipangilio, ongeza mwanga chumbani, sogea nyuma kutoka kwenye TV.

Umefungua sanduku kwenye magofu karibu na ziwa la Limgrave, eneo la mwanzo la Elden Ring, moshi umekufunika, umejikuta kwenye mgodi wenye wadudu wa kutisha: uko eneo la Caelid, mbali sana na nyumbani, na kuruka kwa ramani hakufanyi kazi ukiwa ndani ya mgodi. Hapo ndipo wateja wangu wengi huweka padi chini. Ishike. Usipigane na yeyote. Kaa kwenye kituo cha neema kilichomo humo ili ukifa uanzie hapo, kisha chungulia walinzi wanatazama wapi, inama, pita nyuma yao ukifuata njia ya kutoka. Huenda ikachukua majaribio matano au sita. Ukitoka nje utaona anga jekundu na mbwa wakubwa kuliko farasi wako. Usishuke kutazama. Fungua ramani hapo hapo mlangoni, chagua kituo chako cha kwanza cha Limgrave, bonyeza.